Kiyoyozi cha Gari la Zamani: Tafuteni Uvujaji Kabla ya Kununua Gesi

(Mazungumzo ya fundi wa magari na wajumbe wa kamati za parokia, katika semina ya utunzaji wa vyombo vya usafiri)



Nilipotajwa kuwa nitazungumzia kiyoyozi, nilisikia vicheko. Wapo wanaosema AC kwenye gari la parokia ni anasa. Kwa gari linalozunguka Lushoto nakubaliana nao, fungueni madirisha. Lakini gari la zahanati linalombeba mama mjamzito kutoka kijiji cha pwani hadi hospitali ya mkoa mwezi wa Februari, kwenye barabara ya vumbi, lina mambo mawili tu: ama dirisha wazi na vumbi ndani, ama dirisha limefungwa na joto lisilovumilika. Hapo kiyoyozi si anasa. Aidha, kioo cha mbele kikipata ukungu wakati wa masika, kiyoyozi ndicho kinachokikausha haraka ili dereva aone njia.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Mkienda kuchomwa sindano, muuguzi anapaka spiriti na mnasikia ubaridi. Spiriti inapokauka inachukua joto la ngozi. Kiyoyozi kinafanya hivyo hivyo. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inaigandamiza gesi hadi iwe ya moto sana. Gesi hiyo inapita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, inapoa na kuwa kimiminika. Kisha inapitishwa kwenye tundu jembamba la vali, inaingia evaporeta iliyo chini ya dashibodi, na hapo inachemka na kugeuka gesi tena kwa kuchukua joto la ndani ya gari. Baada ya hapo inarudi kwenye kompresa.

Angalieni neno hilo: inarudi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama dizeli. Inazunguka humo humo. Ni kweli gari la miaka ishirini hupoteza kidogo kidogo kupitia mipira ya paipu na sili ya kompresa, na kuongezewa baada ya miaka kadhaa si jambo la ajabu. Lakini gari likijazwa gesi leo na baada ya miezi miwili likawa linapuliza hewa ya moto, kuna mahali panavuja. Nimewahi kupitia mafaili ya gari moja la zahanati nikakuta stakabadhi tatu za kujaza gesi ndani ya mwaka mmoja, zote za gereji moja, na hakuna hata moja iliyoandikwa neno uvujaji. Mfadhili alilipa mara tatu, na gari likabaki na joto lake. Hili ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu fedha hizo zilikuwa za kununulia dawa.

Sasa, kabla hata ya kwenda kwa fundi wa AC, yapo mambo ambayo dereva anaweza kuyaona mwenyewe bila gharama. Kiyoyozi kikipoza vizuri gari likiwa mwendoni lakini kikatoa joto mkisimama kwenye foleni, mara nyingi gesi ipo. Tatizo ni feni haivuti hewa ya kutosha kupita kwenye kondensa, au kondensa imejaa matope na mbawa za wadudu. Ioshwe kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kuelekea nje. Msitumie mashine ya presha, inalaza mapezi yake. Upepo ukitoka kwa unyonge, tazameni kichujio cha hewa ya ndani kama gari linacho. Nimetoa humo majani na kiota cha panya. Kapeti la abiria wa mbele likilowa, kimpira cha kutolea maji ya evaporeta kimeziba. Maji yanayodondoka chini ya gari lililosimama, hayo ni ya kawaida, msiwe na wasiwasi. Na kwenye magari ya zamani yenye hita, waya wa kufungia maji ya moto hukwama, hivyo hita na kiyoyozi vinafanya kazi pamoja na kushindana. Shikeni kwa uangalifu mipira miwili ya hita baada ya injini kupata moto. Ikiwa yote inaunguza wakati hita imefungwa, vali inapitisha.

Klachi ya kompresa ikigoma kushika, tazameni fyuzi na relei kwanza. Hata hivyo, kuna swichi inayozuia kompresa isizunguke gesi ikipungua sana, ili isife kwa kukosa oili, maana oili husafiri pamoja na gesi. Asitokee mtu wa kuiunganisha moja kwa moja kwa waya ili ionekane inafanya kazi. Huko ndiko kompresa nyingi zinakofia.

Mkifika kwa fundi, ninyi wajumbe mna haki ya kuuliza. Akifunga geji injini ikiwa imezimwa, akasema presha ipo na kwa hiyo gesi inatosha, mwambieni hapana. Kwa gesi ya R-134a kwenye joto la nyuzi 30, geji itasoma karibu psi 95 hadi 100, iwe gesi imejaa au imebaki nusu, ilimradi kimiminika kimebaki ndani. Kipimo cha kweli ni injini ikiwa inaunguruma, na kipimo bora zaidi ni mizani. Chini ya boneti huwa kuna kibandiko kinachotaja gramu zinazotakiwa. Magari mengi madogo huchukua kati ya gramu 500 na 900. Kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, au kwa kujaza naitrojeni na kuona kama presha inashuka. Msikubali oksijeni ya kuchomelea itumike mahali pa naitrojeni, ikikutana na oili inaweza kulipuka. Uvujaji ukishazibwa na oringi kubadilishwa, chupa ya kukaushia nayo ibadilishwe, kisha pampu inyonye hewa na unyevu kwa dakika 30 au zaidi, na mfumo uachwe kidogo kuona kama unashika. Unyevu ukibaki ndani unatengeneza asidi inayokula vyuma. Dawa ya kuziba tundu inayouzwa kwenye kopo naishauri ibaki dukani. Inaziba na vali pia.

Kuna suala la aina ya gesi. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na R-12, ambayo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliiondoa kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010. Gari la namna hiyo linaweza kuhamishiwa R-134a, lakini oili ibadilishwe na viungio viwe vyake. R-134a haiharibu ozoni, ila kilo moja inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa miaka mia moja, na ndiyo sababu mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016 uliiweka kwenye orodha ya kupunguzwa. Kwa hiyo fundi anayefungua paipu na kuiachia hewani hatutendei wema. Gesi ya kupikia nayo inapoza, ni kweli, lakini ikivuja ndani ya gari lenye mgonjwa na cheche moja ikatokea, sitaki hata kumalizia sentensi.

Mambo mawili kwa wauguzi. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 kwenye kisanduku chake chenye barafu. Kiyoyozi cha gari hakichukui nafasi hiyo hata kikipoza namna gani. Na mkimbeba mgonjwa wa kifua kikuu, zimeni kiyoyozi na fungueni madirisha, maana kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinawarudishia hewa ile ile.

Kwa madereva: washeni kiyoyozi dakika kumi kila wiki hata kipindi cha baridi, ili oili ifike kwenye sili ya kompresa. Kwa kamati: kwenye daftari la gari andikeni tarehe, gramu zilizotolewa, gramu zilizoingizwa, na sehemu iliyokutwa inavuja. Stakabadhi isiyo na hayo matatu ya mwisho mhazini asiipokee.

Nimeleta geji na chupa ya povu. Land Cruiser ya zahanati ipo chini ya mwembe, dereva ameshafungua boneti. Tutoke nje.