Kiongozi Hufundishwa Kazini

 

Tukisikia neno "kiongozi", wengi wetu twamfikiria mtu aliyechaguliwa kwa kura. Lakini itazameni zahanati iliyo karibu nanyi. Yuko muuguzi mmoja ambaye ndiye msimamizi wake. Chuoni alifundishwa kuwatunza wagonjwa na kuwazalisha kina mama. Sasa imempasa pia kuagiza dawa kabla hazijaisha, kupanga zamu, kuwapatanisha wafanyakazi waliokosana, na kuieleza kamati ya wananchi jinsi fedha zilivyotumika. Akiyashindwa hayo, mgonjwa atarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama muuguzi huyo ni hodari wa kutibu.

Mwaka 2013 huduma nyingi za afya katika Kenya zilikabidhiwa kaunti 47, na kila kaunti ikahitaji wasimamizi wake. Je, uongozi wa namna hii hufundishwa wapi?

Darasa lina faida yake, wala hatulidharau. Lakini darasa peke yake halitoshi. Mwaka 2004 yalianzishwa katika nchi yetu mafunzo ya miaka miwili kwa wachunguzi wa maradhi, kwa mfano uliokuwa umetumika Marekani tangu mwaka 1951. Wanafunzi hao hukaa muda mwingi nje ya darasa. Kipindupindu kikizuka, huenda mahali penyewe. Huhesabu wagonjwa, huchunguza maji na chakula, huandika taarifa, na kuwashauri wakubwa la kufanya. Kazi ni ya kweli, na watu walio hatarini ni wa kweli. Lakini mwalimu hawaachi. Huwauliza maswali, na huisoma taarifa yao kabla haijatumiwa.

Wazee walisema, kupotea njia ndiko kujua njia. Ni kweli, lakini katika zahanati, anayepotea njia aweza kumpoteza mgonjwa. Ndiyo sababu anayejifunza apewe kazi, na mwenye ujuzi awe karibu. Kumnyima kazi ni kumdumaza. Kumtupia kazi na kwenda zetu ni kumwonea yeye na mgonjwa pia.

Jambo hili si geni. Twasoma katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 18, jinsi Musa alivyoamua kesi zote peke yake kutwa nzima, na watu wakimngoja. Mkwewe Yethro aliona kwamba yeye na watu wote watachoka. Akamshauri awafundishe wengine, awape mamlaka juu ya makundi makubwa na madogo, na yale magumu tu yaletwe kwake. Angalieni: Musa hakuondoka. Alibaki kwa ajili ya yale magumu.

Basi, ninyi mlio wakubwa katika vituo vya afya, twawasihi. Mpeni mdogo wenu jambo moja lililo kamili: mwezi huu aandae yeye oda ya dawa, nanyi mkague hesabu yake kabla haijapelekwa. Mwezi ujao aongoze mkutano wa wafanyakazi, nanyi mketi nyuma. Mkutano ukiisha, mwulizeni faraghani: ni nini kimekwenda vizuri, na ni nini utafanya tofauti? Msimsahihishe mbele ya wagonjwa.

Nanyi vijana, msingoje kuitwa wakubwa ndipo mjifunze. Ombeni kuonyeshwa daftari la dawa. Ulizeni kwa nini uamuzi fulani ulifanywa.

Wako wasimamizi waonao fahari kwamba bila wao hakuna kinachoendelea, na ufunguo wa chumba cha dawa hulala mfukoni mwao. Siku wakiugua wao, mama mwenye mtoto anayechomeka kwa homa atafunguliwa na nani? Tujipime kwa swali hilo juma hili, kila mmoja mahali pake pa kazi.