Wajumbe wa Amani

Somo: Luka 14:31-32



Katika somo letu Bwana Yesu ataja mfalme aendaye vitani. Yampasa kwanza kuketi na kupima kama askari wake elfu kumi wataweza kupigana na elfu ishirini. Akiona hawezi, hutuma wajumbe kutaka amani, adui angali mbali.

Jirani zetu walimpata mtawala asiyeketi kupima. Mwezi wa Oktoba 1978 Idi Amin alipeleka askari wake Tanzania, wakaua na kupora. Novemba mosi alitangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera ni yake. Kabla ya Februari 1979 kwisha, majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yalikuwa yamefika Masaka. Hata askari wa Libya hawakuweza kumwokoa. Aprili 11 Kampala ilianguka.

Hapa Uthiru tunapita kila siku kando ya barabara kuu iendayo Nakuru hata Malaba, mpakani mwa Uganda. Katika miaka ile Waganda wengi walikimbilia Kenya. Je, mjane aliyeuliwa mumewe aombe nini asikiapo redioni kwamba jeshi la mwuaji linarudi nyuma? Hatumkemei akifurahi. Kufurahi kwamba uovu unashindwa si dhambi. Lakini furaha na kisasi hulala nyumba moja, na yatupasa kuwatenganisha mapema.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliikimbia nchi yake mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa. Mwaka uo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakuyasifu matendo ya Amin. Alikataa tu chuki isiutawale moyo wake.

Tena, amani haikuja Amin alipokimbia. Rais Yusuf Lule alikaa madarakani siku 68 tu. Mwaka 1981 vita vya msituni vilianza. Desemba 1985 mapatano yalitiwa sahihi papa hapa Nairobi, mbele ya Rais Moi. Mwezi uliofuata Kampala ikatekwa kwa bunduki. Kushindwa kwa adui ni mlango wa amani, wala si amani yenyewe.

Sasa tumtazame yule mfalme wa pili, mwenye elfu ishirini. Wajumbe walipofika, aliwapokea au aliwafukuza? Bwana hakusema. Swali hilo latuhusu sisi. Ndugu tunayeshindana naye juu ya mpaka wa kiwanja akiishiwa fedha za wakili, twamwita tuzungumze, au twazidi kumkaza? Haki isemwe, na kilichoporwa kirudishwe. Lakini anayetaka kupatana asikute mlango umefungwa.

Mungu, aliye na nguvu zote, hakungoja wajumbe wetu. Warumi 5:10 yatukumbusha kwamba tulipatanishwa naye tulipokuwa tungali adui zake. Yeye mwenyewe alimtuma Mwanawe.

Na tuombe. Ee Bwana, wavunje nguvu wote wavamiao nchi za wengine. Wape hekima ya kutafuta amani mapema. Nasi tushindapo, utulinde na kisasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.