Ngazi ya Mbao Katika Nyumba

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi seremala na watu wanaokusudia kujenga, huko Kibugu, Embu.)



Nimeombwa niseme juu ya ngazi. Huenda mtu akauliza, Ngazi ni kitu gani hata tuache kuchuma chai kwa ajili yake? Ni kweli kwamba zamani katika nchi hii hapakuwa na haja ya ngazi ndani ya nyumba. Nyumba ilikuwa ya duara, na kitu kilichoinuliwa juu ya miguu kilikuwa ghala ya nafaka tu. Lakini siku hizi apitaye njia ya kutoka Embu mjini kuja huku huona nyumba za ghorofa katikati ya migomba na kahawa. Hata asiyejenga ghorofa, ardhi yetu ni ya mteremko, naye hujikuta sebule iko juu na jiko liko chini. Basi ngazi imekwisha kuingia.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipojenga nilimwambia fundi, "Nifanyie ngazi kama ile ya jirani." Naye akafanya hivyo hasa. Kumbe sakafu yangu ya juu ilizidi ile ya jirani kwa upana wa vidole vinne, na kile kilichozidi kikatiwa chote katika kipandio cha mwisho. Mguu wa binadamu ni mwepesi wa kujifunza: ukipanda vipandio vitatu, umekwisha kujua kipimo chao, wala hautazami tena. Mama yangu alipofika kwenye kile kisicholingana, usiku, taa ikiwa mkononi, alianguka akavunjika mkono. Fundi yule simlaumu. Mimi ndiye niliyemwagiza kunakili. Koti hushonwa kwa mwili wa mwenyewe; na ngazi vivyo hivyo hupimwa kwa nyumba yake.

Sasa kupima ni hivi. Katika karne ya 17 Mfaransa mmoja mjuzi wa majengo, jina lake François Blondel, aliandika kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima wangali wakiifuata, ingawa wengi hawamjui mwenyewe. Kanuni yake yatokana na hatua ya mtu: zidisha kimo cha kipandio mara mbili, ukaongeze upana wa mahali pa kukanyagia, na jumla iwe yapata sentimita 60 hadi 63. Tuseme kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni sentimita 288. Gawanya kwa 16, utapata kimo cha sentimita 18. Mara mbili ni 36. Ongeza 27 za kukanyagia, zinakuwa 63. Vema. Lakini angalia, vipandio vya kukanyagia ni 15, maana cha 16 ni sakafu yenyewe. Na 15 mara 27 ni sentimita 405. Nafasi hiyo ya mita nne na kidogo yapasa kupatikana kabla saruji haijamwagwa. Ikiwa haipo, ngazi ikunjwe katikati kwa jukwaa la kupumzikia. Wengi huligundua jambo hili siku ya kuhamia, ndipo hupata ngazi ya kupanda kama mnazi.

Pia acheni mita mbili juu ya kichwa cha apandaye. Na nguzo ndogo za kando zisiachane zaidi ya sentimita 10, kwa sababu mtoto mchanga hupenya mwili kwanza, na kichwa kikakwama.

Juu ya mbao yenyewe nina mengi zaidi. Mti tulio nao kwa wingi ni mgrivea, ambao wengi huuita mukima. Asili yake ni Australia, nao uliletwa kuwa kivuli cha kahawa na chai. Mbao zake zina mistari mizuri na zaranda vizuri, bali wadudu huzipenda, kwa hiyo zitiwe dawa, wala zisiguse sakafu yenye unyevu. Mkiparasi ni mwepesi na hunyooka, lakini ni laini. Viatu vya watoto wa shule hula ukingo wa kipandio upesi. Mimi ningeutumia kwa mbao za kusimama tu, si za kukanyagia. Mkangazi na mvule zitokazo Kongo ni nzuri sana, na bei yake pia ni ya kutoka Kongo.

Lakini kosa kubwa haliko katika jina la mti, liko katika maji yaliyomo ndani yake. Mbao mbichi ikipigiliwa leo, baada ya miezi michache hujikunyata, kabari hulegea, na ngazi huanza kulia kila mtu apitapo. Pangeni mbao chini ya paa, mkitenganisha kwa vijiti ili upepo upite. Kwa unene wa inchi moja hesabuni karibu mwaka mmoja. Najua ni muda mrefu. Basi pasueni mbao siku ile mnapochimba msingi.

Mzee mmoja aliniuliza leo asubuhi juu ya mti wa muuru ulioachwa na babu yake mpakani mwa shamba. Anataka kuukata amfanyie mwanawe ngazi. Mzungu aliuita mwaloni wa Meru, ingawa si mwaloni hata kidogo. Ni ndugu wa mfudu wa pwani, ambao matunda yake meusi huliwa. Huota Kenya tu, na makao yake hasa ni miteremko ya mlima huu wetu. Umekatwa sana, sawasawa na mkafuri, ambao katika mwaka 1999 wachunguzi waliopita juu kwa ndege waliona mahali pengi msituni umebaki visiki. Nilimjibu mzee hivi: vipandio 15 vya mgrivea uliokauka vitamtosha mwanao maisha yake. Tawi lile kubwa lililoangushwa na upepo, ambalo amelihifadhi, latosha kwa mkono wa kushikia, mahali ambapo kiganja kitauhisi muuru kila siku. Na kama bado ataka kuukata, aende kwanza ofisi ya misitu akaulize sheria. Alinyamaza. Sijui atafanyaje.

Sasa fundi wetu ameleta mbao mbili za ubavuni, na atatuonyesha jinsi ya kuchonga mfuo wa kuingiza kipandio na kukikaza kwa kabari na gundi, bila msumari. Sogeeni karibu.