Gari Lijiendeshalo na Suala la Dhamana

Gari kujiendesha si jambo jipya kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1987 Profesa Ernst Dickmanns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jeshi, Munich, waliliongoza gari la Mercedes kwa kamera na kompyuta tu, kwa mwendo wa kilomita 96 kwa saa. Mwaka 1995 gari lao jingine lilisafiri zaidi ya kilomita 1,500 kati ya Munich na Denmark, likijiendesha asilimia 95 ya safari.

Hizo, hata hivyo, zilikuwa barabara kuu. Taabu huanza penye watu. Usiku wa tarehe 18 Machi, 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla, kompyuta ikamdhania mara gari, mara baiskeli, mara kitu kisichojulikana. Haikufundishwa kwamba mtu huweza kuvuka pasipo na kivuko! Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

Garini alikuwamo msimamizi, naye alikuwa akitazama simu. Mwaka 2023 alikiri kosa mahakamani, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Kampuni, ambayo ndiyo iliyozima breki za dharura za kiwandani ili zisipingane na mtambo wake, haikushtakiwa kwa jinai.