Kaa

Kaa ni mnyama wa pwani aendaye upande. Kaa ni lile la moto, ambalo mama zetu hapa Mwala waliliomba kwa jirani. Tena kaa ni kuketi na kudumu. Kikamba chetu chasema kwikala, Kiswahili kimeidondosha ile l.

Kaa moja likitolewa jikoni huzima. Likirudishwa kati ya mengine, lawaka. Yuko ndugu tuliyekosana naye, haketi nasi tena Jumapili. Tukimwona njiani, twapita upande kama yule wa pwani. Bwana alituagiza tukae ndani yake (Yohana 15:4). Tutakaaje, hali tumemwacha ndugu apoe nje? Twende kwake leo, kabla hajazima. Amina.