KAMBA ZA JAHAZI NA WATU WANAOZIVUTA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Wengine wametuuliza, sisi watu wa reli tuna habari gani na majahazi? Jawabu ni fupi. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, vyombo vya tanga vilikuwa vimekwisha chukua mizigo pwani hii kwa karne nyingi, na hata leo huko Lamu tanga halijaisha, ijapokuwa wengi wametia injini. Tena liko jambo la haki ndani yake, nalo tutalifikia. Lakini mtu hawezi kutetea kazi asiyoijua, basi kwanza tuitazame kazi yenyewe.

Jahazi lina mlingoti mmoja mnene, nao haukusimama wima bali umeinama mbele, upande wa omo. Hapo huning'inizwa foramali, yaani ule mti mrefu unaochukua tanga. Foramali kubwa huungwa kwa miti miwili au zaidi iliyofungwa pamoja kwa kamba, na urefu wake hukaribia urefu wa chombo. Mti kama huo, pamoja na tanga lililolowa maji, si kitu cha kuinuliwa kwa mikono mitupu.

Huinuliwa hivi. Iko kamba nene iitwayo henza. Mwisho wake mmoja umefungwa katika foramali. Hupanda mpaka kichwa cha mlingoti, hupita juu ya roda, kisha hushuka upande wa nyuma, na mwisho wake wa pili umeshika gofia. Chini sitahani iko kapi nyingine, abedari. Kati ya gofia na abedari hupita jarari, kwenda na kurudi, na jarari ndiyo mabaharia huivuta wakiimba. Ikiwa imepita mara nne, uzito wa kilo 200 huvutwa kwa nguvu ya kilo 50, na zaidi kidogo kwa sababu ya kusuguana. Lakini foramali ikipanda mita 1, watu wamekwisha vuta mita 4 za kamba. Wale wenzetu wa karakana wanaoinua mabogi kwa mnyororo na kapi wanaijua hesabu hii vizuri.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye hatari. Henza haifanyi kazi moja. Kwa kuwa mlingoti umeinama mbele na henza imeshuka nyuma, kamba hiyohiyo inayobeba foramali ndiyo pia inayouzuia mlingoti usivutwe kwenda mbele. Ikikatika, foramali huanguka juu ya watu, na papo hapo mlingoti hupoteza mshiko wake wa nyuma. Kamba moja, misiba miwili.

Pembe ya nyuma ya tanga hushikwa na demani. (Demani ni jina la majira pia, msichanganye.) Upepo ukija kwa ghafla, demani hulegezwa, tanga humwaga upepo na chombo huinuka. Kwa hiyo mtu wa demani halali, wala hafungi fundo lisilofunguka upesi. Upepo ukizidi kabisa, tanga hutuliwa na kutwekwa lililo dogo.

Kazi ngumu kuliko zote ni kukisi tanga, yaani kulihamisha upande wa pili wa mlingoti. Ziko mashua za Kizungu ambazo boriti yake ya juu hukaa nyuma ya mlingoti na kuinuliwa kwa kamba mbili, na hizo hugeuza omo kupitia penye upepo bila kusumbuka sana. Jahazi silo hivyo. Likielekeza omo kwenye upepo, tanga hubanwa juu ya mlingoti, na mlingoti waweza kuvunjika. Basi nahodha hulizungusha kwa kuupa upepo tezi. Demani hufunguliwa, foramali husimamishwa karibu wima, mguu wake huvutwa mpaka umepita, na tanga lote huzungushwa mbele ya mlingoti. Hali kadhalika kamba za ubavuni zinazouzuia mlingoti huhamishiwa upande mpya wa upepo. Wakati huo chombo kinayumba, tanga linapiga, na kila mtu lazima ajue mahali pake kabla nahodha hajafungua kinywa. Sisi tunaounganisha mabehewa usiku twajua maana yake.

Zamani kamba zilisokotwa kwa makumbi ya nazi, siku hizi ni nailoni. Nailoni ina nguvu, lakini jua huila polepole na mwenye haraka haoni. Henza huchakaa hasa pale inapokaa juu ya roda, kwa sababu safari nzima mahali palepale ndipo panapobanwa. Baharia mwangalifu hukata kipande mwishoni na kufunga upya, ili sehemu nyingine ishike kazi. Baada ya kukata mara kadhaa kamba inakuwa fupi na lazima inunuliwe mpya. Hapo ndipo maneno huanza: mwenye chombo husema itatosha safari moja tena.

Na baharia wa fungu, asiye na mshahara, anayegawana mapato ya safari, akiumizwa na foramali? Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inamtaja mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, chini ya mkataba wa kazi. Mtu wa fungu itampasa kwanza kuonyesha kwamba ni mwajiriwa, naye mara nyingi hana hata karatasi moja mkononi. Sisi twaona hili si sawa, kwa kuwa amri anapewa na nahodha kama sisi tupewavyo na msimamizi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba tawi liwaandikie wenzetu wa vyama vya baharini juu ya mambo mawili. Bei ya henza na jarari isikatwe katika mafungu ya mabaharia. Na hesabu ya mafungu, pamoja na jina la kila mtu, iandikwe kabla tanga halijatwekwa, nakala moja ibaki nchi kavu.