Ratiba ya Mwanafunzi Huanzia Nyumbani

(Maneno ya Afisa Elimu Kata katika mkutano wa wazazi na wanafunzi wa kidato cha nne)



Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba. Majuma ya mwisho yanapowadia, vijana wengi hukesha, wakitaka kuyameza kwa usiku mmoja masomo ya miaka minne. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: kilichosomwa mara moja husahaulika upesi, na kinachorudiwa kwa siku mbalimbali hudumu. Wahenga wetu nao walinena: haba na haba hujaza kibaba.

Basi, mwanafunzi, gawa juma lako. Somo la leo lipitie jioni hii, ulirudie baada ya siku mbili, kisha baada ya juma moja. Funga daftari, ujiulize maswali, uandike majibu bila kuchungulia. Dakika 40 za namna hiyo zina faida kuliko saa nzima ya kupitisha macho tu. Ifikapo saa 4 usiku, lala. Usingizi nao huimarisha kumbukumbu.

Lakini ratiba haiandikwi na mwanafunzi peke yake. Yupo binti anayetoka shule alasiri, akatembea hadi nyumbani, akachota maji, akapika, akaosha vyombo na kumlaza mdogo wake. Hufungua daftari saa 4 usiku, wakati aliopaswa kulala. Kaka yake ameshika kitabu tangu saa 12 jioni. Matokeo yakitoka, twasema binti hana akili. Kumbe hakuwa na wasaa.

Siombi kazi za nyumbani zifutwe, kwa kuwa kazi ni sehemu ya malezi. Naomba zigawanywe. Kila nyumba yenye mtahiniwa iketi mwisho wa juma hili, iandike kwenye karatasi: nani atachota maji siku gani, nani atapika, na ni saa zipi mbili za jioni ambazo mtahiniwa hatatumwa dukani wala kuitwa jikoni. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, na mzazi awe wa kwanza kuiheshimu.

Saa mbili hizo hazihitaji fedha. Kila nyumba, yenye nacho na isiyo nacho, yaweza kumpa mtoto wake kuanzia leo, awe wa kike au wa kiume.